Kicheko cha Nasimiyu

Iko siku moja ambayo hunirudia kila nikisikia vikombe vya bati vikigongana. Mwanangu, sogea nikusimulie, maana nawe umefika umri wa kuuliza watu wako ni akina nani.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi mtaa wa Ziwani, Nairobi. Shule niliishia darasa la nane, lakini ndoto sikuishiwa. Kichwani nilikuwa nimeshajenga nyumba, nikaipaka rangi ya samawati na kupanda maua mlangoni. Musa, kinyozi wa mtaa wetu, alikuwa ameniposa. Sote wawili tulikuwa Wabahai, na katika dini yetu kijana na msichana wakishachaguana, hawaoani mpaka wazazi wote walio hai waridhie. Wote, mwanangu. Huwezi kumuuliza unayemjua ukamruka usiyemjua.

Wazazi wa Musa waliridhia siku ile ile tuliyowauliza. Mimi, mama alifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na dada yake, mama mdogo. Baba sikumjua hata kwa sura. Mama mdogo alikumbuka jina tu, Wekesa, na kwamba alikuwa na mikono ya ufundi.

"Na Wekesa," akasema, "kwetu magharibi ni kila mvulana aliyezaliwa watu wakivuna."

Musa akashika kichwa. "Sasa huyu buda tutamtoa wapi, Nafula? Nairobi yote hii?"

Hapo ndipo alipoingia Mama Rasoa. Sijui nikuchoree vipi yule mama. Mjane, mwenzetu katika imani, mfupi, leso kiunoni hata siku ya kupumzika. Msiba ukitokea mtaani, uwe wa Mkatoliki, wa Mwislamu au wa mtu asiyejulikana alisali wapi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasha moto wa chai. Kwake kumtumikia mtu ilikuwa ibada, na ibada, alisema, haifanywi na uso wa mtu anayeumwa jino. Aliponda tangawizi akiimba. Aliwafanya wafiwa watabasamu, na hakuna hata mmoja aliyemwona mkosefu wa adabu. Kutoa ni moyo, wahenga walisema. Huyu moyo wake ulikuwa na mlango usio na komeo.

"Unatafuta ukoo?" akaniuliza. "Njoo tukapike chai matangani."

Nilidhani ananitania. Kumbe anajua asemalo. Mtu wa magharibi akifariki huku Eastlands, watu wake hukutana kila jioni chini ya turubai kuchangia safari ya kumpeleka nyumbani. Kila anayesimama kusema huanza kwa kujieleza: mimi ni mwana wa fulani, aliyeoa kwa fulani, na marehemu ni shangazi yake mama. Kaa hapo jioni chache tu, utakuwa umetembea kijiji kizima bila kupanda gari.

Basi nikaenda. Lakini nilienda na masikio tu. Mikono ilinifuata kwa sababu haikuwa na pa kubaki. Akitajwa Wekesa, ninasimama na birika hewani. Wazee ninawaruka safu nzima. Mama Rasoa alinivumilia jioni ya kwanza, akanivumilia ya pili. Ya tatu akanivuta kando ya moto.

"Nafula, unahudumia au unapeleleza?"

"Ninahudumia, Mama."

"Hawa wamefiwa, na wewe unawatazama kama mtu anayechagua nyanya! Huyu hapana, huyu hapana. Hata ukimpata baba, utakuwa umewapita watu wangapi wenye kiu?" Kisha sauti ikashuka. "Mtoto wangu, wote hawa ni watu wako. Wanyweshe hivyo. Huyo mmoja, Mungu anamwona alipo."

Nilinawa uso pale bombani. Niliporudi nilikuwa nimekata tamaa ya kumpata baba siku hiyo, na ajabu, birika likawa jepesi. Nilianza kuwaamkia watu, kuuliza nani hajapata sukari. Nikafika kwa mzee mmoja, Mzee Barasa, nikampa kipande cha mkate.

"Nipe cha katikati, binti," akasema. "Ganda siliwezi. Meno yangu yalitangulia nyumbani, yananingoja huko."

Nikacheka. Unakijua kicheko changu, mwanangu, kile mnachokiigiza, kinachopanda juu halafu kinakwama kama mtu mwenye kwikwi. Mzee akaweka kikombe chini.

"Hebu cheka tena."

"Babu?"

"Hicho ni kicheko cha Nasimiyu. Tulimzika zamani, nami sikutegemea kukisikia tena. Mwanawe Wekesa anagonga bati pale Kariobangi. Wewe ni wa nani?"

Nikataja jina la mama. Mzee akafunga macho, akaitikia kwa kichwa polepole. "Huyo alimzalia Wekesa binti. Basi ndiye baba yako," akasema.

Kesho yake tulikwenda, mimi, Musa na Mama Rasoa. Tulimkuta akikunja ukingo wa sufuria, nyundo mkononi. Nilipojitaja, nyundo ilibaki juu.

"Mama yako alipofariki sikuwa na kazi," akasema. "Dada yake akakuchukua. Niliona aibu kuja mikono mitupu. Aibu ikakua, ikawa miaka."

Nikamwambia kilichonileta. Akamtazama Musa juu mpaka chini, akamuuliza, "Utamfanya acheke?"

"Nitajaribu, mzee."

"Basi nimeridhia."

Siku ya arusi alifika amebeba kichwani sufuria kubwa ya kupikia matangani. "Leo sikuja mikono mitupu," akasema, akamkabidhi Mama Rasoa. Naye alipozeeka akanikabidhi mimi. Ndiyo hiyo unayoniona nayo kila msiba ukitokea.

Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa, kwa hiyo uliza. Uliza majina ya bibi na babu zako maadamu wanaoyakumbuka wangali hai. Lakini usimruke mwenye kiu ukikimbilia damu yako. Hudumia kwa furaha, kwa maana uso ulionuna umefunga mlango, na ndugu yako hawezi kukutambua akiwa nje.

Mungu akupe mikono isiyochoka na kicheko cha bibi yangu Nasimiyu, na watoto wa watoto wako wakisikie kwako, wajue wanatoka wapi.