Shemeji Issa, uliyewauliza mmoja mmoja

Nashindwa kuamini, jamani. Shemeji Issa hayupo. Nimepigiwa simu asubuhi kutoka Likunja. Mjukuu wangu ndiye anayenichapia haya.

Wengi humu mnamjua kama mzee wa korosho. Mimi nilimjua akiwa kijana, karani wa mradi wa karanga Nachingwea, rafiki wa mume wangu, kaptura imenyooshwa pasi utadhani anakwenda kuoa.

Msimu mmoja simba alikuwa anazunguka mashamba ya Kilimarondo. Wanaume walilala juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe, na Hamisi, mume wangu, alikuwa mmoja wao. Ofisi ya mradi ikataka kujua: waendelee kulala huko au waache?

Issa akawafuata wawindaji, kila mmoja kwake, maswali yale yale. Kisha akarudi tena: "Wenzako wanasema hivi na hivi. Wewe bado uko palepale?" Jina hakutaja, aliwaapia. Alizunguka mpaka majibu yakakaribiana. King'ang'anizi huyo, aisee!

Jumbe wa kijiji hakuipenda ripoti isiyo na majina. Akaita baraza, watu waseme hadharani, akafungua mwenyewe: "Wazee, si kumetulia huko?"

Mzee Chilumba, mkubwa wa wawindaji wote, akajibu, "Kumetulia, Jumbe." Nani tena amkosoe mkubwa? Wakafuatana: kumetulia, kumetulia.

Issa alikuja kwangu anahema. "Shemeji, mzuie Hamisi asiende."

Hamisi akacheka. "Wazee wamesema kumetulia. Wewe karani, simba umemjulia wapi?" Akachukua blanketi lake, akaondoka.

Blanketi tulilikuta. Hamisi tulizika alichosaza simba.

Nilikuuliza miaka mingi, shemeji: nani alikwambia ukweli nyumbani kwake, kisha akaumeza barazani? Ulikataa katakata. Siku tuliyomzika mwindaji wa mwisho ndipo ukanijibu: "Wote."

Hata Chilumba. Wote walijua, na wote walimwacha Hamisi aende kwa sababu ya adabu. Nina hasira mpaka leo.

Sasa jana, kwenye grupu la ukoo, kaka mkubwa kaandika turudi kulima bonde lile la Kilimarondo, na tembo wanashuka huko kila wiki. Nikasomewa majibu chini yake: sawa, sawa, sawa.

Nani atawapitia hawa nyumbani kwao, shemeji? Ulale kwa amani. Mimi huku naogopa.