Jina Lililomshinda Konstantino

Konstantino alikuwa katekista wa kigango kimoja huko Machochwe kwa muda mrefu, hata watoto hawakumjua kwa jina jingine zaidi ya Katekista. Padri alifika kwa nadra, maana parokia ilikuwa mbali na mto ulifurika kila masika. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeongoza ibada za Jumapili, aliyefundisha watoto wa komunyo, na aliyezika wafu. Chakula chake kilitoka shambani, alikolima na mkewe, Imelda. Walikuwa wamebakiwa na mtoto mmoja tu, Stanslaus, kijana mcheshi aliyepiga ngoma kwenye kwaya na ambaye tayari alikuwa amechumbia.

Mwaka ule mahindi yalikubali sana, na tembo wakatoka hifadhini kuyafuata. Stanslaus alilinda shamba pamoja na Mzee Machage, jirani aliyepakana nao. Jioni moja, jua likizama, kundi lilitokeza upande wa vichaka. Wakapiga madebe na kupayuka. Tembo wengi wakageuka, lakini jike mmoja mwenye ndama akawajia mbio. Machage alikimbia. Alipotazama nyuma, Stanslaus hakuwepo.

Siku ya mazishi mto ulikuwa umejaa na padri hakuweza kuvuka. Watu wakashauri mwanakwaya mmoja asome sala, Konstantino akae na wafiwa wenzake.

"Nimewazika wa kwenu wote," akawaambia. "Huyu wangu nimwachie nani?"

Akavaa kanzu yake nyeupe, akasimama ukingoni mwa kaburi. Alisoma vizuri mpaka alipofika pale kitabu cha ibada kinapoacha nafasi ya jina la marehemu. Majina mangapi alikuwa ameyatia hapo, ya vikongwe na ya vichanga! Hili halikutoka. Watu wakainamisha vichwa. Ndipo Imelda, aliyekuwa ameketi chini kwenye udongo, akasema kwa sauti kavu, "Stanslaus." Konstantino akaendelea na sala.

Tangu siku hiyo Imelda hakukanyaga tena kanisani. Hakugombana na mtu wala hakumlaumu mumewe. Ila jioni Konstantino alipopiga magoti, yeye alitoka nje akaenda kufungia kuku, na hakurudi ndani mpaka sala iishe. Konstantino alisali kwa sauti, akitumaini kwamba mkewe anasikia kupitia ukutani.

Wazee wa ukoo nao walikuja na lao. Walimkumbusha kwamba kabla ya kupanda walimtaka achinje mbuzi kulinda shamba, kama wenzake walivyofanya, naye akakataa. "Ubishi wako ndio umemla mtoto," wakasema. Konstantino aliwakaribisha uji, wakanywa, wakaondoka. Lakini siku nyingi baadaye alijikuta akisimama katikati ya palizi, jembe mkononi, neno lile likimzunguka kichwani.

Machage alimkwepa. Wakikaribia kukutana njiani, mzee alikata kona akapitia machungani. Mwishowe Konstantino akamfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

Machage alisema tu, "Nilikimbia, Katekista."

"Najua. Hata mimi ningekimbia."

Machage akauliza, "Huyo Mungu wako alikuwa wapi?"

"Sijui. Namuuliza kila siku."

"Anakujibu?"

"Bado."

"Na bado unakwenda kumwimbia."

"Nikiacha, mzee, haya yaliyomo kifuani nitamwambia nani?"

Machage alimtazama sana. Kisha akamsogezea kiti.

Baada ya hapo Konstantino alipita pale mara kwa mara. Ndivyo alivyojua kwamba Robi, mke wa Machage, alikuwa na uvimbe tumboni, na kwamba hospitali ilikwisha kuwarudisha nyumbani. Konstantino alipomwombea, Robi alisikiliza macho yakiwa wazi. Siku moja Machage mwenyewe alikuja kumwita. "Mama anataka ubatizo," alisema. "Mimi mambo hayo siyajui, lakini siwezi kumnyima."

Konstantino akamwomba Imelda waende wote, ili mgonjwa awe na mwanamke mwenzake wa kumwosha. Imelda akakubali, akabeba uji kwenye chupa ya chai. Alimwosha Robi taratibu, akambadilisha kanga. Konstantino alipoanza sala, Imelda akainuka atoke kama kawaida yake. Robi akamshika mkono.

"Mama Stanslaus, huko niendako nitamkuta kijana wako?"

Konstantino alitaka kujibu. Kazi yake ilikuwa ni kujibu maswali kama hayo. Akajizuia, maana hakuulizwa yeye. Imelda alisimama akitazama ukuta.

"Utamkuta," akasema. "Mwambie mama yake..." Akaketi kitandani, akalia, kilio ambacho hakuwa amekilia hata kaburini. Robi hakumwachia mkono. Hivyo ndivyo alivyobatizwa, maji yakimtiririka usoni, na mwanamke mwingine akilia ubavuni pake.

Robi hakumaliza wiki. Konstantino alimzika, na safari hii jina lilitoka. Imelda alishinda jikoni kwa wafiwa akipika ugali, lakini sala ilipoanza hakusogea karibu. Machage alibaki na mila zake. Ila Jumapili iliyofuata alionekana ameketi nje ya kanisa, kwenye nyasi, kofia mapajani. Hakuingia, wala hakuna aliyemlazimisha.

Konstantino aliporudi nyumbani siku hiyo, Imelda alikuwa ametoka kupalilia, miguu imejaa tope. Alimtengea chakula, akakaa kando akichambua mboga.

"Leo mmesoma nini?" akauliza, bila kuinua macho.

Konstantino akaweka tonge chini, akaanza kumsimulia.