Gari Tuliloliita Kiatu

Harufu ya turubai lililolowa mvua na kukaukia juani bado inanikasirisha. Naikuta Kariakoo wakati wa masika, kwenye mabanda ya wauza matunda, jua linapochoma ghafla baada ya mvua. Kila nikiinusa narudi kwenye ua wa nyumba yetu ya Mchafukoge, ubavuni mwa gari dogo la kijani la viti viwili, lisilo na paa ila turubai. Ndani yake mlinuka turubai hilo, petroli, ngozi ya viti iliyopigwa jua, na mafuta ya nazi ya nywele za dada yangu Zuhura. Watu wakizungumzia miaka ile ya Ujamaa hukumbuka magwaride na bustani za shule. Mimi nakumbuka gari, na nakumbuka lilivyoondoka. Niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini haya nimeyaandika mara nyingi kichwani.

Nyumba ilikuwa ya Bwana Jayanti, Mhindi aliyeuza spea za magari upande wa barabarani. Sisi tulipanga vyumba vya uani. Baba alikuwa fundi cherehani Kariakoo. Zuhura alikuwa amemaliza kidato cha nne, akapata kazi dukani kwa Bwana Jayanti, akimwandikia barua za Kiingereza za kuagiza spea. Mzee yule hakuwa na mtoto. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu alimfundisha Zuhura kuendesha gari lake, lililotoka Uingereza, ili ampeleke hekaluni na kumrudisha. Kisha familia za Kihindi za mtaa wetu zikaanza kuhama nchi moja baada ya nyingine, naye akafunga mizigo. Siku ya kuondoka alimwita Zuhura mbele ya wapangaji wote, akamwekea ufunguo kiganjani. "Gari la Zuhura," alisema. "Mtu mwingine atalichosha tu." Baba alishukuru kwa mikono miwili. Kadi ya gari ikaandikwa jina la baba, kwa kuwa Zuhura alikuwa bado msichana wa nyumbani kwake, na hakuna aliyeona kuwa hilo lina maana yoyote.

Kwa kipupwe kimoja tu likawa lake kweli. Asubuhi za Jumapili tulikwenda naye Magogoni kununua samaki kwenye kivuko. Nilikaa chini kiasi kwamba niliona magoti ya watu kabla ya nyuso zao, na ningenyoosha mkono ningegusa lami. Watoto wa mtaani walilipa jina la Kiatu. "Zuhura, cha pili umekiacha wapi?" walipiga kelele, naye alijibu, "Kiko kwa fundi, kinashonwa!" Lilikuwa jepesi mno. Ua ulikuwa mwembamba, kwa hiyo alipotaka kuligeuza vijana walinyanyua tu matako ya gari, wakaliweka upande wa pili kama wanahamisha kitanda. Lilikuwa na ukaidi wake pia. Ulipogeuza ufunguo ilibidi usikilize pampu ya petroli nyuma ya kiti. Isipolia tik-tik, uligonga ukuta ulio nyuma ya kiti kwa ngumi, ukainamisha kichwa na kusikiliza tena. Zuhura aliligonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jamaa.

Maneno yalianzia kwa baba mdogo Hamisi. "Kaka, binti anakatiza Msimbazi kichwa wazi, mchana kweupe. Nani atakuja kuposa hapa?" Halafu balozi wetu wa nyumba kumi akapita ukumbini akicheka. "Mzee Salum, siku hizi umekuwa bepari? Wenzako tunatembea kwa miguu, wewe una gari la starehe!" Alikuwa anatania, ila baba hakucheka. Tangu siku hiyo akawa analitazama lile gari kama mgeni aliyekaa mno. Hakumwambia Zuhura neno. Jumapili moja tuliporudi kutoka Magogoni tulikuta wageni uani, na baba akiwa amevaa kanzu yake ya Idi.

Walikuwa Wamarekani wawili, mabwana wa ujenzi wa barabara kuu ya kwenda Zambia, wote wagonjwa wa kupenda magari. Walikuwa wameliona gari letu kivukoni wakauliza mpaka wakapafahamu nyumbani. Mrefu aliitwa Dani. Alisema kwao ana gari ambalo angeweza kulitia hili ndani ya buti lake, na alitaka aelezwe: gari dogo hivi ni la kazi gani? Baba hakujua Kiingereza, lakini hakutaka kuachwa nje. "Zuhura, waeleze uzuri wake. Sema kwanza kwa Kiswahili nisikie, ndipo uwaambie." Hapo ndipo dada alipoelewa wamefuata nini. Alinitazama, nami nikajua atafanya nini. Aliamua kulisema gari lake vibaya mpaka wakimbie.

"Injini yake ndogo," alianza. "Ya gari lenu moja ingetoa tatu kama hii." Akawageuzia kwa Kiingereza, na Dani akasugua mikono. "Mvua ikinyesha unalowa, hata ukifunga turubai." Wakacheka kwa furaha. "Linavuja mafuta. Kila asubuhi chini pana doa, kama mtoto aliyekojoa kitandani." Baba akamng'ata kwa mnong'ono, "Zuhura! Unaniharibia!" Lakini yule Mmarekani mnene alikwisha lala chali na shati lake jeupe, anachungulia doa, anamwita mwenzake aje aone. Baba akashangaa. Kisha uso ukamfunguka. "Endelea, mwanangu," alisema kwa sauti ya asali. "Endelea kulisema." Zuhura akaendelea, maana hakuwa na silaha nyingine: mabasi yanatupita, mzigo hauingii, mtu mnene anatoka kwa kuvutwa. Kila kasoro aliyoitaja ilizidi kuwatia wazimu. Mwishowe Dani akamuuliza, sasa wewe mwenyewe unalipendea nini? Zuhura alijibu kabla hajafikiri, na baba akadai aambiwe amesema nini. "Nimesema magari mengine yanakubeba kama mzigo. Hili unalivaa."

Dani aliacha kucheka. Alivua kofia yake, akamtazama dada kwa heshima, nami nikaamini kwamba ameelewa, kwamba sasa atamwachia. Alikuwa ameelewa kweli. Akamgeukia baba akasema analichukua.

Mimi nilikuwa mtoto wa aibu, nisiyejibu hata salamu bila kusukumwa. Siku ile nilisema, "Baba, gari ni la dada." Baba alinitazama kwa mshangao, halafu akauliza, "Na dada yako ni wa nani?" Baba mdogo akaangua kicheko. Balozi, aliyekuwa amekuja kutazama, naye akacheka.

Walipokuja na lori kulichukua, ufunguo ulipogeuzwa gari lilinyamaza. "Waonyeshe linavyowashwa," baba aliamuru. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya khanga. "Nimesahau," alisema. Hiyo ndiyo hapana yake pekee, na hata hiyo wakaifurahia. Wakapigana mabega wakisema gari la Kiingereza lazima liwe na kiburi. Wakawaita vijana walewale waliokuwa wakitugeuzia gari, na kwa wepesi uleule tulioupenda wakalinyanyua juu ya lori. "Zuhura, leo unavuliwa!" mmoja alipiga kelele, na mtaa mzima ukacheka. Sehemu ya malipo ilikwenda kwenye harusi ya pili ya baba mdogo Hamisi, yule aliyeona haya kwa niaba yetu.

Watu huniambia enzi zile ndivyo ilivyokuwa. Sikubali. Redio ya baba ilikuwa ikituambia kila jioni kwamba mtu kumnyonya mtu kumekwisha, na baba alikuwa akiitikia kwa kichwa huku akishona. Leo ua wetu ni ghala la simu, na juu yake wamepandisha ghorofa. Wanawake wanapita Kariakoo na magari makubwa kuliko vyumba tulivyolala, wanawapigia honi wasukuma mikokoteni, na hakuna anayeuliza ni wa nani. Nikiwaona nafurahi, kisha hasira inanipanda upya, maana naona lilikuwa jambo dogo tu la kumwachia mtu. Zuhura aliolewa, akazaa, akazeeka. Hakushika usukani tena.

Juzi tulikuwa kwenye gari la mwanangu Juma, tumekwama kwenye foleni ya Mtaa wa Uhuru, injini imezimwa. Dada alikaa mbele. Nilimuuliza, kama ninavyomuuliza kila mwaka, lile gari la kijani lilikuwa linawashwaje. "Nimesahau," alisema, akitazama nje. Foleni ikasogea. Juma akageuza ufunguo, nami niliyekaa nyuma nikaona mkono wa dada ukipita ubavuni mwa kiti, ukakunja ngumi, ukagonga nyuma ya kiti mara mbili taratibu, na kichwa chake kikainama kusikiliza. Gari lilikwisha waka na kuondoka. Yeye alikuwa bado anasikiliza.