Kaka Yangu Ndani ya Filamu ya Viputo

Ile filamu nimeitazama mara elfu, na bado nasema ina rangi kushinda maduka yote ya kanga pale Mwanjelwa. Ni ya mapenzi na vichekesho, lakini imetengenezwa kama kitabu cha katuni: skrini inagawanyika vyumba-vyumba, mtu akipigwa ngumi herufi zinaruka kubwa kama nyumba, na wapenzi wakinong'ona, maneno yanatokea kwenye viputo vyeupe juu ya vichwa vyao. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni pale katikati: ngumi zinapigwa mpaka ugali unasongwa, unaliwa, unasahaulika. Tena binti anayepiganiwa haulizwi hata mara moja anataka nini. Na watu wakifa, wanajipangusa vumbi, wanainuka.

Hilo la mwisho ndilo nisiloliweza, kwa sababu anayeitafsiri ni kaka yangu, na yeye hakuinuka.

Kaka alikuwa akitafsiri filamu kwa kipaza sauti kwenye banda la video, Chimala. Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima. Mimi, niliyekuwa kwenye masomo ya jioni ya Kiingereza, nilikaa ubavuni mwake nikimnong'oneza maana ya maandishi. Siku ya filamu hii nilichelewa kutoka darasani, akabuni peke yake, na mwenye banda akarekodi kila kitu. Alfajiri iliyofuata kaka alipanda pikipiki kwenda Ubaruku kufuata mchele. Hakufika.

Mkewe alikuwa amelala na homa; hakumwamsha. Tangu hapo shemeji akawa hasemi jingine: aliondoka bila kuniaga.

Miezi michache iliyopita nikaikuta rekodi kwa fundi simu mmoja, nikampigia shemeji, Iringa. Akaja na basi la asubuhi. Mchana tukaketi sebuleni kwangu, Uyole, ukungu umeziba dirisha.

Sauti ikaanza kabla ya picha. "Mwanafunzi wa jioni leo kanitoroka. Nikikosea, mlaumuni yeye."

Shemeji akaziba mdomo kwa kanga. "Ndiye huyo. Na wewe kumbe mchelewaji wa siku nyingi."

"Nimechelewa mara moja tu tangu nizaliwe, shemeji."

Ngumi zikapita. Kijana akasimama stesheni kumwacha binti, kiputo kikatokea. Kaka akanyamaza. Ilisikika jenereta, na mtu akikohoa bandani. Kisha taratibu, si kwa sauti yake ya filamu: "Mama, kesho usinisubiri kula."

Banda zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Simamisha," shemeji akasema. Kiputo kikaganda juu ya kichwa cha kijana. "Mama ndivyo alivyokuwa akiniita mimi."

"Labda alikuwa anawaza safari ya mchele. Alijua atachelewa."

"Pale pameandikwa nini hasa? Wewe si una cheti?"

Ninacho, kimetundikwa ukutani, kikubwa kuliko televisheni yenyewe. Dakika ile nilitamani ningekuwa sijui kusoma.

"Pameandikwa: nitarudi kesho," nikamwambia.

"Kiingereza hicho kingemshinda?"

"Hicho hata mbuzi wa Chimala wanakijua."

Hakucheka. Alikitazama kile kiputo kwa muda mrefu, mpaka nikahisi tuko watatu chumbani.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.

Nikarudisha. Jenereta, kikohozi, kimya. "Mama, kesho usinisubiri kula." Na kabla banda halijacheka, shemeji akaitikia, polepole, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mgonjwa:

"Haya, baba. Nenda."