Mawe Meusi ya Shamba la Nkambo

Mvua za kwanza zikishuka Kamina, mji wetu wa reli, kila mtu husifu harufu ya vumbi lililolowa. Mimi natafuta harufu nyingine. Ni harufu ya jembe lililosahauliwa nje hadi asubuhi, kali kidogo puani, na ukiivuta sana unaionja hadi kwenye ulimi. Nilipokuwa mtoto ilitoka kwenye lundo la mawe meusi katika shamba la bibi yangu mzaa mama, ambaye wajukuu wote tulimwita Nkambo, kama kwetu mtu anavyomwita mzazi wa mzazi wake. Lundo lilikuwa refu kuliko mimi, limeota nyasi mgongoni, na kando yake kilisimama kichuguu cha kale chenye tundu ubavuni. Mawe yenyewe hayakufanana na mawe ya kwingine. Yaling'aa yakilowa, na mengine yalikuwa na mikunjo kama uji mzito uliomwagika ukagandia chini. Mihogo ya Nkambo ililizunguka lundo pande zote, lakini hakulipunguza hata siku moja ili apate tuta la ziada. Sikujiuliza kwa nini. Mtoto hajiulizi kwa nini kilima kiko pale kilipo.

Sisi tulikaa kambi ya reli, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka shambani. Baba alikuwa fundi wa depo, karakana ya treni. Wazazi wake walitoka Kasai wakifuata kazi ya reli, naye alianza kazi kijana kabisa, enzi za magarimoshi ya mvuke. Hata yalipokufa yote na kuozea kwenye njia za nyuma, aliendelea kuyataja kwa sauti ya mtu anayetaja marehemu wake. Watu wa kambi tulikuwa na majivuno, sikufichi. Tuliamini kila kitu chema kilishuka Kamina kutoka kwenye behewa: mkate, saa ya ukutani, cherehani, hata sisi wenyewe. Basi siku nilipomuuliza baba yale mawe ya Nkambo yametoka wapi, hakusita.

"Ile ni makaa ya treni, mama," alisema, maana baba wa kwetu humwita binti yake mama. "Masini ya zamani ilikuwa inakula makaa, kisha inatupa mavi yake. Balikuwa banaimwaga kila fasi."

Nilimwamini, na nani asingemwamini? Nyuma ya depo kulikuwa na jaa kubwa la mabaki ya makaa, meusi vilevile. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba baba hakuwahi kukanyaga shamba la Nkambo. Mkwe wa kiume, kwa desturi yetu, hamkaribii mama mkwe wake. Hali naye, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini mwingine apite. Mama mkwe naye hamkosoi mkwewe, sembuse mbele ya watoto wake. Kama kuna neno la lazima, hupitia kinywani mwa mtoto anayesimama katikati, hata kama wenyewe wanasikilizana vizuri kabisa. Mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi, na kazi hiyo niliipenda, maana ilinifanya nijione mtu mzima.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, mwenye suruali moja iliyopigwa pasi vizuri kuliko suruali zote za mji, na alitufundisha historia kwa kuimba. Yeye anauliza, sisi tunaitikia. Kabla ya reli, watu wa hapa walilima kwa nini? Kwa vijiti! Nani alituletea chuma? Reli! Tuliitikia kwa nguvu hadi njiwa wa paa la kanisa waliruka. Mvua zikachachamaa, ua wa shule ukawa tope tupu, na ikasemekana mkaguzi atakuja kabla ya mwisho wa muhula. Mwalimu akauliza nani anajua mahali penye kokoto. Nikanyoosha mkono kabla ya wengine. Nikasema shambani kwa bibi yangu kuna uchafu wa treni, mwingi, hauna mwenyewe.

Nkambo wakati huo alikuwa amekwenda Kabondo-Dianda kwenye matanga ya dada yake, na barabara ile mvua ikinyesha hairudishi mtu kwa siku aliyoahidi. Kila alasiri darasa letu lilishika njia na vikapu, mabeseni na ndoo zilizotoboka. Mimi nilitangulia kama mkuu wa msafara. Tulibomoa lundo kuanzia mgongoni, tukajitwika, tukaimba, tukamwaga uani, na wavulana wakubwa wakashindilia kwa magogo. Mabeseni yalitulemea shingo kuliko kawaida. Hilo nililihisi kwa mwili wangu, nikanyamaza. Wiki ilipoisha ua ulikuwa unapitika, Mwalimu alinisifu mbele ya shule nzima, na lundo la Nkambo lilikuwa limebaki nusu.

Nkambo alirudi Jumamosi. Nilimkuta shambani amekaa chini, juu ya nyasi zilizolowa, na mzigo wake wa safari bado haujafunguliwa. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. Nilianza kumweleza kwa furaha habari za ua wa shule, sentensi ya pili ikanifia mdomoni.

"Nani njo aliwaambia hii mawe iko ya treni?" aliuliza.

"Baba njo alisema."

Akafunga mdomo. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeona watu wengi wenye haki mkononi, lakini sijaona tena mtu aliyeimeza haki yake namna ile. Angeweza kusema baba yako ni mjinga, na angekuwa amesema kweli. Lakini neno hilo lingemfanya baba aone haya mbele yangu, na lingemfanya yeye mwenyewe mtu asiye na adabu kwa mkwewe. Nkambo alikuwa binti wa ukoo wa wafua chuma, na katika ukoo ule, kama nilivyokuja kujua, adabu ililindwa kama moto. Alichezea kitambaa chake cha kichwa muda mrefu, kisha akasema:

"Kwenda nyuma ya depo. Ulete jiwe moya ya makaa, kama ngumi yako. Hapa utakamata ingine, ile ya kulingana nayo. Yote mbili upeleke kwa baba yako."

"Nimuambie nini?"

"Usimuambie kitu. Yeye ni fundi. Apime tu."

Nilikimbia njia nzima, depo na kurudi, kisha nyumbani na mawe yote mawili. Baba alikuwa barazani anasugua mafuta ya depo vidoleni kwa mchanga na sabuni. Nikampa mawe, moja kila mkono, nikasema Nkambo amesema upime. Aliposikia jina la mama mkwe alisimama wima, kama vile mwenyewe yuko mlangoni. Kisha nikaona jambo ambalo hata leo nikifumba macho naliona. Mkono wake wa kushoto, wenye jiwe la depo, ulibaki pale ulipo. Mkono wa kulia ukashuka.

Akabadilisha mikono. Wa kushoto ukashuka. Akaenda kuleta nyundo yake ndogo, akagonga la depo, likavunjika kama mkate mkavu. Akagonga la Nkambo, likalia. Akalisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye mikunjo yake, na ndani ya mkunjo mmoja akakuta kipande cha udongo mwekundu uliochomwa, mviringo, chenye tundu katikati kama mrija. Alikaa chini barazani bila kutafuta kiti.

"Hii haiko makaa," alisema. "Makaa ikiisha kuungua inakuwa mwepesi, matundu-matundu. Hii ni mavi ya chuma. Hapa batu balipika chuma, mama. Na hii kamurija njo balipulizia mupepo." Kisha akaniambia neno ambalo wanaume wengi wa kambi yetu walikwenda nalo kaburini bila kulisema: "Minyi nilikudanganya. Nilisema kitu sikukijua."

Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga, lakini wachache huteleza na kukubali kwamba wameteleza. Kesho yake, baada ya misa, baba alivaa koti, akachukua jogoo, maana mkono mtupu haulambwi, tukaenda shambani. Nkambo alipotuona kwa mbali alijifunika kitambaa usoni, akakaa akitupa mgongo. Baba akasimama upande wa pili wa lundo, naye akageuka kutazama mihogo. Mimi katikati. Mtu asiyetujua angedhani ni watu wagomvi. Kumbe sijawahi kuona watu wawili wakiheshimiana zaidi.

"Umuambie Nkambo yako, nimekosa," alisema baba. "Na nauliza, nani alipika hapa?"

"Umuambie baba yako," alisema Nkambo, "ni babu wa baba yangu, na bandugu yake. Kichuguu hii njo ilikuwa tanuru. Muke wake hakukuwa anafika hapa hata kuleta maji, mupaka kazi iishe. Umuambie, mama yangu aliolewa na majembe ya hapa, njo ilikuwa mahari yake. Banamuke ba huku bote baliolewa na majembe ya hapa. Mbele ya reli. Mbele ya muzungu kuona hii inchi."

Nilirudia kila neno, ingawa baba alikuwa amelisikia. Nkambo akaendelea, na hapo ndipo nilipoambiwa habari zote: jinsi mawe ya chuma yalivyochimbwa na kubebwa vichwani, jinsi makaa ya miti yalivyopangwa kwa zamu na mawe ndani ya kichuguu, jinsi mivukuto ya ngozi ilivyopumua mchana na usiku bila kupumzika, watu wakipokezana, na jinsi uchafu ulivyotiririka ukiwaka na kugandia pale pale, na ule ndio tulioubeba kwenye mabeseni. Baba aliuliza maswali ya kifundi, mimi nikiyapitisha bila kuyaelewa. Moto walijuaje umefika? Kwa rangi, akasema Nkambo. Baba akatingisha kichwa polepole, kwa maana na yeye huko depo alijua moto kwa rangi. Akainama akaokota jiwe, akalifuta kwa mkono wa koti lake la misa. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote.

Jumatatu alikwenda shuleni kabla ya kazi. Mwalimu alimsikiliza kwa heshima, akasimamisha kubeba mawe siku ile ile, na nusu ya lundo ikapona. Kuhusu nusu ya pili, maji yaliyomwagika hayazoleki: ilikuwa imeshindiliwa, imechanganyika na tope, inakanyagwa. Kuhusu somo, Mwalimu alikuna shingo. "Papa, kitabu kinasema hivyo," alisema. Baba akamjibu kwamba aliyeandika kitabu hakuinua jiwe. Lakini wimbo wetu wa vijiti na reli uliendelea hadi mwisho wa mwaka, na mimi nikawa nachezesha midomo bila kutoa sauti. Nkambo hakunigombeza kamwe. Siku moja tu, tukipalilia, alisema, "Ulibeba mingi?" Nikasema mingi. Akasema, "Basi unajua bulemu yake," yaani uzito wake, akaendelea kupalilia.

Baba na Nkambo wote wawili wamekwisha kulala udongoni. Treni siku hizi inapita ikijisikia, vijana wa kambi wanaendesha pikipiki za kubeba watu hadi Kaniama, na mjukuu wangu ana simu inayojua mambo ya dunia nzima. Nilidhani uongo ule wa vijiti ungekufa pamoja na daftari zetu. Wapi! Nausikia sokoni, nausikia redioni, nausikia kwa wageni wa Base, kambi ya jeshi, wanaotuonea huruma, na nikiusikia chakula hunishinda. Watu hawajui kwamba kinachoniudhi si kudharauliwa. Kinachoniudhi ni kufikiria wale mafundi, usiku wa tatu wa mivukuto, macho mekundu, wakitazama rangi ya moto, halafu mtu aliyeshiba anasema walilima kwa vijiti.

Mwezi uliopita nilikwenda mkutano wa wazazi katika shule ile ile. Tulikaa uani, na ua ni ule ule. Mwalimu wa mjukuu wangu ni kijana, mpole, na suruali yake nayo imenyooka. Alisimama mbele yetu akataka kutusifia mji. "Bazazi," alisema, "tusisahau tulitoka wapi. Mbele ya reli, bankambo betu balikuwa banalima na miti. Chuma ilitufikia na treni."

Nilihisi joto likinipanda shingoni, mahali pale pale beseni liliponilemea. Nilitaka kupiga kelele, na umri wangu ungeniruhusu. Badala yake nilisimama, nikavua kiatu, nikachimbua kwa kisigino pale nilipokuwa nimekaa. Halikuwa mbali. Jiwe lilitoka jeusi, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, harufu ikapanda nalo. Nililifuta kwa kitenge, nikapita mbele ya wazazi wote, nikaliweka mkononi mwake.

"Niseme nini, mama?" aliuliza, amechanganyikiwa.

"Usiseme kitu, Mwalimu. Ni mavi ya chuma ya bankambo. Upime tu."

Mkono wake ukashuka. Alilitazama jiwe, akanitazama mimi, akatazama lile shimo dogo nililochimbua na weusi uliokuwa ndani yake. Kisha akautazama ua mzima, huku na huku, na nikamwona anatafuta mahali pa kuweka mguu.