Sylvi Harju na Tamthilia Isiyo na Mwisho

Mimi shule nimesoma majira mawili ya baridi tu, kisha baba akanitoa nikakamue ng'ombe. Bi Torvinen wa maktaba analijua hilo, lakini hasikii. Amekuja mara tatu. "Mama Impi, tuandikie wewe maisha ya Sylvi kwenye kijitabu cha mji. Si ndiye mtoto wetu wa kwanza kwenda kusomea tamthilia?" Nikamwambia aandike mwenyewe, yeye ana miwani miwili. Alikaa jikoni kwangu, akala mkate wangu wa iliki nusu nzima, na hakuinuka mpaka nikasema haya. Basi nisilaumiwe.

Sylvi ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu Helmi, alikwenda kufanya kazi Detroit akapata mume mwingine hukohuko, akaniachia mtoto pamoja na baba yake, Reino. Reino naye alizama ziwani na pikapu yake, Sylvi ana miaka sita. Nimemlea kwa viazi, samaki na kiboko kidogo. Alikuwa mtoto wa kusikiliza. Wageni wakiongea yeye yuko chini ya meza, na kesho yake anawaigiza wote, kila mmoja na sauti yake, hata mchungaji. Kwa mchungaji nilimchapa.

Mwaka juzi aliposema anataka kwenda chuo kujifunza kuandika tamthilia, nilicheka.

"Huo nao ni ufundi?"

"Ni ufundi, Bibi. Kama kusuka nyavu."

"Nyavu zinaleta samaki."

"Na hizi tutaona zitaleta nini."

Kauli ile sikuipenda.

Chuo kilitaka kurasa kumi za tamthilia yake, barua ya kueleza kwa nini anaandika, kisha usaili. Wiki tatu mashine ya taipu ilikaa juu ya meza yangu ya kulia. Nikipita, anafunika karatasi kwa kiganja. Kwenye usaili walimpa nusu saa aandike juu ya watu wawili wanaogombea kiti kimoja. Nilimuuliza aliandika nini.

"Mmoja amekaa. Mwingine anasimama anamtazama tu, mpaka yule anainuka mwenyewe."

Wakamchukua. Walikuwa wanane darasani. Aliporudi Krismasi, amekonda, wamebaki sita. Akanieleza desturi yao. Siku ya tamthilia yako, wenzako wanagawana wahusika, wanaisoma kwa sauti bila mazoezi, kisha wanaanza kuichambua. Wewe mwenyewe umekaa palepale na huruhusiwi kufungua mdomo, hata wakiielewa kinyume.

"Kuna mmoja alijing'ata mkono mpaka ukatoka damu," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi nimelelewa na wewe, Bibi. Kunyamaza nakujua."

Mwezi wa pili akaniandikia niende, siku yake imefika na ndugu wanakaribishwa. Nikapanda basi na mkate wangu mapajani. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Huku kwetu ziwa likiganda tunapita juu yake kwa magari, na njia inaonyeshwa kwa misonobari midogo iliyosimikwa kwenye barafu. Barafu ikilegea mahali, miti inahamishwa, na dereva anaifuata. Miaka kumi na tisa kazi hiyo ilikuwa yangu.

Tamthilia ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu, mwanamume anatoka ng'ambo na gari lake, anaifuata miti, barafu inafunguka. Nyumbani bibi anaoka mikate. Mtoto yuko dirishani. Halafu basi. Sylvi hakuandika mwisho.

Aliyesoma maneno ya bibi ni msichana wa Milwaukee, Roz, nywele kazikata kama askari. Alikuwa hajawahi kuniona, lakini alipotamka "Mwache aende, njia anaijua," niliisikia sauti yangu mwenyewe.

"Haina mwisho," akaanza mmoja.

"Mwisho upo," Roz akasema. "Hii miti anaisimika nani?"

"Si ni huyu bibi?"

"Na barafu ikiharibika, anaihamisha nani?"

"Huyohuyo."

"Sasa mbona siku hiyo anapika mikate?"

"We Roz, unampeleka bibi wa watu jela!" Wakacheka.

"Simpeleki popote. Nimesoma maneno yake yote. Huyu mama haulizi hata mara moja kama jamaa amefika."

Mwalimu wao, Bwana Dahlberg, alikuwa anagonga penseli mezani, akaacha. Sylvi aligeuza shingo polepole akanitazama.

Tulipotoka koridoni akaniuliza, "Bibi, wamekosea?"

"Watoto wa mjini wanajua nini habari ya barafu?"

"Sikuuliza wanajua nini." Alikuwa anaongea chinichini. "Itachezwa jukwaani tarehe ishirini na sita Aprili. Usiponiambia, naandika mwisho wa Roz. Na nikishauandika, nyumbani kwako sirudi."

Nilipanda basi nikarudi na mkate wangu.

Haya. Asubuhi ile Reino alisema anamchukua Sylvi, wanahamia mjini. Tulitukanana, kisha akavuka ziwa na pikapu yake. Nikaenda ziwani kama kila siku. Kwenye mdomo wa mto barafu ilikuwa imegeuka kijivu, na maji yanasikika chini yake. Miti kumi na mmoja ilitakiwa ihame. Nilishika wa kwanza. Nikauachia. Nikajiambia nitarudi nikishaoka. Sikusema afe. Sikusema asife. Nilikanda unga mpaka saa kumi jioni, na saa kumi Sylvi akaita kutoka dirishani, "Baba huyo anakuja!"

Wanaume mlioivuta ile pikapu mliiona miti ilivyosimama. Hakuna aliyeniuliza. Mlikuja matangani mkala.

Haya yote nimemwandikia Sylvi Jumatatu iliyopita. Hajajibu, na simu hapokei. Bi Torvinen, usikate hata neno. Na wewe unayesoma, kama unakwenda mjini kabla ya tarehe ishirini na sita, mgongee mlango, chumba namba kumi na mbili, ghorofa ya pili. Muulize ameandika nini, kisha uje uniambie hapa nyumbani, usinipunguzie.