Dawa ya mgongo ya bibi

Leo Jumamosi, nasema yote, hata yanayoniaibisha.

Bibi yangu alikuwa anaishiwa damu, choo cheusi. Vipimo vya kwanza havikuona kitu, basi huko Dar akamezeshwa kamera ndogo kama kidonge.

Leo majibu: vidonda kwenye utumbo mwembamba, vinavuja damu.

"Bibi, unatumia dawa za maumivu?" daktari akauliza.

"Ya mgongo tu, mwanangu, kila siku. Huyu mjukuu wangu hodari ndiye mletaji."

Daktari na ndugu wote tuliomsindikiza bibi wakanigeukia.

Nilianza kumnunulia nikiwa darasa la pili. Nilikuwa nakimbia hadi dukani Magomeni ya huku kwetu, si ile ya Dar, nikirudi bibi ananipa korosho aliyoibangua, ingali ya moto. Nilijiona mkubwa!

Kumbe dawa hiyo ndiyo iliyoleta vidonda, na sasa imekatazwa. Anatibiwa vidonda, anaongezwa damu, na daktari anasema atapona.

Ila mgongo bado unamuuma. Nyie bibi zenu mnawatulizaje? Nijibuni leo.